Gitaa la Deiwaka: Namna ya Kuishi kwa Kupigia Bendi na Studio za Watu

Dar es Salaam, mwanamuziki anayeitwa kuziba pengo kwa shoo moja huitwa deiwaka, jina lile lile la dereva anayeshikia daladala ya mwenzake kwa siku. Deiwaka hana bendi, ila viongozi wa bendi tano sita wana namba yake ya simu. Asubuhi yuko studio anaweka gitaa kwenye wimbo wa Bongo Fleva au wa kwaya, Jumamosi yuko harusini, mwezi ujao yuko kwenye basi na msanii anayezunguka mikoani. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anajua kushika gitaa na sasa anataka limlishe.

Kabla ya yote, elewa unachouza. Anayekulipa ananunua muda wake. Ukimmalizia kazi kwa saa mbili badala ya tano, ukafika na nyimbo kichwani na vyombo visivyokoroma, atakupigia tena hata kama mtaani kuna vidole vyepesi kuliko vyako.

Usianze na solo

Bendi ya dansi huwa na magitaa matatu hadi manne: solo, sekondi solo, ridhimu na besi. Vijana wengi wanaobisha hodi ni wapiga solo, na ndiyo maana hawaitwi. Nafasi ya solo ni moja, na aliyeikalia huwa ni kiongozi wa bendi au swahiba wake. Jifunze ridhimu kwanza, kisha sekondi, kisha besi ya kuokolea jahazi, na solo iwe ya mwisho. Ukitaka kujua ridhimu nzuri inafanya nini, msikilize Omar Shabani alivyopiga Les Wanyika: mchoro mmoja mfupi unabaki pale pale, hauharakishi, hauongezi madoido, na wimbo mzima unaegemea hapo.

Kila gitaa lina eneo lake shingoni. Kwa kii ya C, ridhimu hukaa freti ya 1 hadi ya 5, sekondi freti ya 5 hadi ya 9, solo kuanzia ya 8 kupanda mpaka ya 17. Magitaa mawili yakipiga katika okteva moja, fundi mitambo hawezi kuyatenganisha, na sauti ya mwimbaji humezwa katikati. Studio ni mbaya zaidi: prodyuza atafuta moja, na litakalofutwa ni la mgeni.

Zoezi la sekondi ambalo litakulipa kodi ya nyumba: chukua mzunguko wa C, F, G, F na upige jozi za noti kwenye uzi wa 3 na uzi wa 1 kwa pamoja. Kwa C shika freti ya 9 uzi wa 3 na freti ya 8 uzi wa 1. Kwa F shika freti ya 5 nyuzi zote mbili. Kwa G, freti ya 7 zote mbili. Mkono hautoki kati ya freti ya 5 na ya 9. Tengeneza mchoro wa baa moja au mbili kwa jozi hizo, washa metronomu kwenye 120, piga dakika nane bila kusimama wala kubadilisha. Ukiweza, panda 128, kisha 135. Dakika nane si adhabu. Sebene la ukumbini, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu, linaweza kufika hapo, na wapiga gitaa wengi huanza kukimbia wakifika dakika ya tatu mkono unapochoka. Ukiona unakimbia, kagua kiwiko: kama mkono wote unatikisika badala ya kifundo, uchovu umeshaingia.

Kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, usiione ni ya wanaoanza. Kapo kwenye freti ya 5 na maumbo ya G inakupa C yenye mlio wa nyuzi wazi, na hivyo ndivyo sekondi nyingi zilivyopata ule mlio wa kengele. Wapo wapigaji wa Kikongo wanaotoa uzi wa 4 na kuweka mwembamba, namba 9 au 10, wakautyuni D ya okteva ya juu. Mlio unakuwa mtamu, ila gitaa hilo haliwezi tena kupiga kitu kingine usiku huo. Kama utalitumia, beba la pili.

Benga, muziki wa gitaa wa Kenya, linataka kichwa kingine. Pale gitaa linaongea na mwimbaji, anaimba mstari nalo linaurudia au kuujibu, na besi nayo ina maneno mengi. Ukiingia na mizunguko ya sebene juu ya benga, utasikika kama mtu aliyekosea mlango. Kwenye taarabu ya kisasa, mpiga kinanda anaweza kubonyeza kitufe cha kuhamisha kii na kuendelea na vidole vile vile; wewe huna kitufe. F, B bemoli na E bemoli ziwe kwenye vidole kama zilivyo G na C. Na kwa kazi ndogo za hoteli, gitaa kavu peke yake na mwimbaji, jifunze mtindo wa vidole viwili wa Katanga, ule wa akina Mwenda Jean Bosco: dole gumba linashika besi, kidole cha shahada kinapiga wimbo. Mtu mmoja anasikika kama wawili, na malipo ya wawili hayagawanywi.

Nyimbo thelathini kwa siku tatu

Simu ikiingia, uliza kabla ya kusema ndiyo: tarehe na saa ya kufunga vyombo, saa ya kuanza na kumaliza, gitaa lipi unapiga, orodha ya nyimbo na kii zake, mazoezi mangapi na wapi, ampu ipo au uje nayo, mavazi, malipo na lini yanatoka. Usiridhike na jibu la "nyimbo za kawaida tu". Nyimbo za kawaida za bendi ya harusi na za bendi ya kopi ya hotelini ni orodha mbili tofauti.

Andika kila wimbo kwa mfumo wa namba, maana kii itabadilika. Kodi (za gitaa, si za TRA) usiziandike kwa herufi. Kwenye kii ya G, 1 ni G, 4 ni C, 5 ni D, na 6 ni E ndogo. Mwimbaji akiamka na mafua akasema "panda toni moja", karatasi haiguswi: 1 sasa ni A, 4 ni D, 5 ni E. Ukurasa mmoja kwa wimbo mmoja, zaidi ya hapo hutausoma kwenye giza. Mfano:

Utangulizi: baa 8, 1 4 5 4, solo anaanza peke yake baa 2
Beti: baa 16, ridhimu tu, sekondi kimya
Kiitikio: baa 8, sekondi anaingia
Beti ya pili: kama ya kwanza, lakini baa 12
Kituo: wote kimya mapigo 2, dramu inaita
Sebene: 1 4 5 4, haina mwisho, subiri ishara
Kufunga: mara 3 kwenye 5, kisha 1

Sehemu zinazoharibu deiwaka ni mbili: vituo na kufunga. Kodi ukikosea baa moja hakuna atakayejua; ukipiga peke yako pale bendi nzima ilipokaa kimya, ukumbi mzima utageuka. Zizungushie kalamu nyekundu. Na mjue mapema nani anatoa ishara ya kutoka kwenye sebene. Mara nyingi ni mpiga solo, wakati mwingine rapa, mara chache mpiga dramu. Simama mahali unapoweza kumwona uso.

Ukichukua wimbo kutoka kwenye rekodi za zamani za Radio Tanzania au za santuri, utagundua gitaa lako halikubaliani nazo: rekodi si G, si G shapu, iko katikati. Tatizo si masikio yako. Kanda ilikimbia kasi tofauti kidogo wakati wa kurekodi au wa kunakili. Tumia programu ya kubadilisha kimo cha sauti, isogeze rekodi mpaka ifike A ya hezi 440, tyuningi ya kawaida, kisha ndipo ujifunze. Ukilegeza gitaa kuifuata kanda, siku ya mazoezi utasahau kulirudisha.

Studio

Paris ya miaka ya 1980 ilikuwa na kundi dogo la wapiga gitaa wa Kikongo, akina Diblo Dibala, Dally Kimoko na Rigo Star, waliosikika kwenye rekodi za waimbaji wengi tofauti. Studio hulipwa kwa saa, na mtu anayeingia akatoa mistari mitatu inayokaa pamoja kabla ya chai ni nafuu kuliko bendi nzima. Kazi ya studio leo iko hivyo hivyo, ila studio nyingine iko chumbani kwako.

Ukienda studio ya mtu, fika na nyuzi za jana. Nyuzi mpya za leo bado zinajivuta na tyuningi itakimbia. Za mwezi mmoja zimekufa sauti za juu. Zibadilishe jioni ya jana, zivute kwa mkono mara tano sita, utyuni, uache zilale. Sikiliza wimbo mara mbili bila kushika gitaa. Mwulize prodyuza swali moja tu: "Sehemu gani ina tundu?" Kisha piga mistari mitatu: mmoja mtupu sana, mmoja wa kati, mmoja uliojaa. Mwache achague. Usibishane naye kuhusu ule uliojaa. Atachagua mtupu, na atakuwa amefanya sawa.

Ukirekodi nyumbani, mambo yanayoharibu kazi ni yale yale kila siku. Faili lazima lianze baa ya kwanza kabisa ya wimbo, hata kama gitaa linaingia baa ya 40; ukituma kipande, prodyuza atalazimika kukisia pa kukiweka na atakilaani. Tuma WAV ya biti 24, kwa kiwango kile kile cha mradi wake, kilohezi 44.1 au 48. Uliza, usikisie. Kilele cha sauti kiwe kati ya desibeli -12 na -6; taa nyekundu ikiwaka mara moja tu, rudia, kwa sababu mpasuko wa kidijiti hauponi. Kila mstari utume mara mbili: mkavu uliotoka moja kwa moja kwenye gitaa, na wenye pedali. Jina la faili liseme kila kitu: jina la wimbo, kasi, kii, gitaa gani, mkavu au wenye pedali. Faili linaloitwa "gitaa mwisho kabisa 3" ni la mtu asiyetaka kuitwa tena.

Ukihisi unapiga nyuma ya mdundo wakati mkono uko sawa, tazama bafa ya programu ya kurekodia, yaani sauti inayosubiri kabla ya kuchakatwa. Sampuli 128 kwenye kilohezi 48 ni chini kidogo ya milisekunde 3, hutaisikia. Sampuli 1024 ni zaidi ya milisekunde 21 kwa kwenda tu, na kwa kurudi huongezeka. Hapo ridhimu yoyote itachechemea.

Kabla hujaondoka au hujatuma, andika karatasi: jina la wimbo, msanii, tarehe, ulichopiga, na kama kuna mstari uliotunga wewe. Kupiga ulichoambiwa ni kazi ya mpigaji. Kutunga mchoro ambao wimbo mzima unaubeba ni utunzi, na fungu lake hukubaliwa kabla ya kurekodi. Wimbo ukishavuma hakuna atakayekumbuka. Sheria ya Tanzania inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki, na hiyo hakishiriki ndiyo inayomgusa mpigaji asiye mtunzi. Jisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kwa Kenya, vyama vya kukusanya mirabaha vimegawanyika: wapigaji wako PRISK, na watunzi kwa muda mrefu walikuwa MCSK. Anayetunga na kupiga ana sababu ya kuwa kote kuwili.

Bei

Wengi hufa njaa huku wakiwa na kazi kila wiki, kwa sababu wanahesabu shoo na kusahau siku. Tuseme umeahidiwa shilingi 150,000 kwa harusi moja. Mazoezi mawili na shoo yenyewe ni siku tatu. Safari nne za teksi za usiku kwa 15,000 kila moja ni 60,000. Nyuzi na betri 30,000. Imebaki 60,000, yaani 20,000 kwa siku. Sasa unajua unachokubali au kukataa. Tenganisha bei tatu: ya shoo, ya siku ya mazoezi, na ya saa ya ziada baada ya muda wa kumaliza. Hiyo ya saa ya ziada itaje mapema, maana shughuli ya kumaliza saa sita usiku huisha saa nane.

Makubaliano ya simu yaandike kwenye ujumbe mara tu mnapomaliza kuongea: "Kama tulivyokubaliana, tarehe fulani, saa fulani, kiasi fulani, nusu kabla." Ujumbe huo ukijibiwa "sawa", una kitu cha kuonyesha mkigombana. Kwa safari, nusu ya fedha iingie kabla hujapanda basi. Taja pia posho ya siku, tofauti na malipo ya shoo, na siku za mapumziko njiani zinalipwaje. Uliza kuhusu pesa za kutuzwa: bendi nyingine humwachia aliyebandikwa noti usoni, nyingine hukusanya na kugawa. Na uliza kama shoo itapigwa picha na kurushwa mtandaoni, kwa sababu hilo ni tumizi la pili la kazi yako.

Gitaa lenyewe

Gitaa moja la umeme linalofanya kazi nyingi ni lenye pikapu tatu za koili moja. Nafasi ya 2 na ya 4 za swichi, zile zinazochanganya pikapu mbili, hutoa mlio mwembamba unaopenya kwenye sebene, na kwa magitaa mengi ya aina hiyo hupunguza pia ule mkoromo wa taa na feni. Nyuzi ziwe za unene namba 10 hadi 46. Kimo cha nyuzi freti ya 12: milimita 1.6 upande mwembamba, 2 upande mnene. Ukishusha zaidi, zitagonga freti ukipiga kwa nguvu ya ukumbini.

Kagua okteva: piga hamoniki ya freti ya 12, kisha bonyeza noti ya freti hiyo hiyo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha nyuma kitandiko cha uzi huo, kile kichuma kinachoubeba kwenye daraja. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivi kila ukibadili unene wa nyuzi.

Uzi ukikatika, tazama ulikatikia wapi kabla ya kuutupa. Kwenye daraja: kitandiko kina ncha kali, kisugue kwa msasa laini wa 600 au 800. Kwenye kigingi: umeukunja vibaya au kigingi kina makali. Katikati unapopigia: uzi ulikuwa mzee, au unapiga kama unapasua kuni. Uzi ukitoa kelele ya "tik" unapotyuni kisha ukaruka juu, umenasa kwenye mfereji wa pale shingo inapokutana na kichwa. Chora mfereji huo kwa penseli, ungaunga wa risasi yake huulainisha.

Dar, Tanga, Mombasa na Unguja hewa ina chumvi. Nyuzi zinaliwa kwa wiki moja kama hufuti jasho kila baada ya seti. Ukitoka pwani kwenda Dodoma au Nairobi, mbao hukauka, shingo hunyooka, na ghafla nyuzi zinagonga freti za mwanzo. Robo ya mzunguko kwenye chuma cha ndani ya shingo huwa inatosha, kulegeza kidogo kwa hali hiyo. Subiri nusu siku kabla ya kugusa tena. Usikizungushe chuma hicho saa moja kabla ya shoo.

Jukwaani na umeme wa jenereta

Mbao ya pedali iwe fupi: tyuna, kompresa ya kubana sauti kubwa, koras ya kunenepesha mlio, dilei ya mwangwi. Kompresa kwenye 4 kwa 1, mwanzo wake uwe wa polepole, milisekunde 20 hadi 30, ili mguso wa piki upite kabla haijabana. Dilei ipige hesabu: 60,000 gawanya kwa kasi ya wimbo ni milisekunde za pigo moja. Kwa kasi ya 130 ni 461, na nusu pigo ni 231. Mwangwi mmoja wa nusu pigo, wa chini, unanenepesha sebene. Miangwi mitatu inalifanya uji.

Adapta ya pedali: voti 9, hasi katikati. Jumlisha miliampea za pedali zote, ongeza asilimia 20. Adapta isiyotosha haizimi pedali, inazifanya zikorome na dilei kukwama katikati ya wimbo, na utatafuta ubovu kwenye waya usiku kucha. Waya wa gitaa usizidi mita 6. Mrefu zaidi unakula sauti za juu.

Usitegemee ampu ya ukumbini. Mwenye vyombo akikwambia "ampu ipo", inaweza kuwa Roland JC-120 safi, inaweza kuwa spika ya kinanda iliyopasuka. Beba DI, kile kisanduku cha kupeleka gitaa kwenye mitambo, na pedali inayoiga spika ya gitaa, uweze kuingia moja kwa moja kwenye mikisa.

Sasa jambo la hatari. Kama kuna jenereta, au gitaa liko kwenye soketi moja na maiki kwenye mitambo ya upande mwingine, pima kwa mita ya fundi umeme voti za AC kati ya nyuzi za gitaa na chuma cha maiki. Ikionyesha zaidi ya voti chache, usipige wala usiimbe mpaka vyote viwe vimeunganishwa kwenye chanzo kimoja chenye ethi. Mdomo kwenye maiki na mkono kwenye nyuzi ni njia fupi sana kwa umeme kupita kifuani. Mguu wa ethi kwenye plagi usiukate kamwe kuondoa mkoromo. DI ina swichi ya kukata mzunguko wa ethi kwenye waya wa sauti, tumia hiyo. Mkoromo ukipungua unaposhika nyuzi, ni kawaida. Ukiongezeka, kuna waya umeungwa kinyume mahali.

Masikio nayo ni chombo. Kanuni inayotumika kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwa 94 ni saa moja. Kwa 100 ni dakika 15, na jukwaa lenye dramu, tumba na monita hupita hapo bila shida. Vaa vizibo vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti zote sawasawa. Pamba haisaidii: inaziba sauti za juu tu, nawe unapandisha ampu.

Barabarani

Mikoani, gitaa haliendi buti. Joto la buti la basi Dar hadi Mwanza linatosha kulegeza gundi, na juu yake litawekwa gunia la mtu. Liwe na kesi ngumu, lisimame kati ya magoti au lilale juu ya mabegi mepesi. Begi la vifaa liwe na seti mbili kamili za nyuzi na uzi wa kwanza peke yake vipande sita, waya wa gitaa wa akiba mmoja, waya mfupi wa pedali miwili, piki kumi, betri ya tyuna, tochi ya kichwani, mkasi wa waya, bisibisi, gundi ya karatasi, steblaiza ndogo, na chuma cha kulehemu kama unakijua.

Mpakani, Namanga au Sirari au Mutukula, fika na orodha iliyochapwa: kila chombo, aina, namba yake ya kiwandani, na thamani. Waombe forodha waigonge mhuri unapotoka. Bila karatasi hiyo, unaporudi utaulizwa ushuru wa gitaa lako mwenyewe. Kadi ya homa ya manjano ikae ndani ya pasipoti. Na kuruhusiwa kuingia nchi si kuruhusiwa kufanya kazi humo. Mwandaaji ndiye anayepaswa kushughulikia kibali, wewe unapaswa kukiona kwa macho.

Ulaya ya Schengen inahesabu siku 90 ndani ya kila 180, na ruhusa ya kufanya kazi inaamuliwa na kila nchi kivyake. Marekani, visa ya P-3 kwa sanaa za kiasili huombwa na mwandaaji aliye kule, na majina ya wapigaji huandikwa kwenye ombi. Kwa deiwaka hii ina maana moja: kama jina lako halikuingia mwanzoni, kuchomekwa wiki ya mwisho ni taabu kubwa. Uliza pia kama malipo uliyotajiwa ni kabla ya kodi. Marekani hukata asilimia 30 kwa msanii wa nje, Uingereza 20. Ukiitwa kupiga hotelini Dubai au Muscat kwa miezi kadhaa, mkataba useme idadi ya seti kwa usiku, siku ya mapumziko, chumba, na tiketi ya kurudi. Pasipoti yako ikae kwako.

Umeme: Ulaya ni voti 230 lakini soketi nyingi ni za pini mbili za mviringo, Marekani ni voti 120. Adapta yenye maandishi "100-240" inafanya kazi kote kwa kubadili kichwa cha plagi tu. Ampu ya nyumbani iache nyumbani.

Mbao nazo zina sheria. Mpingo na jamii nyingine za Dalbergia, ukoo wa rozwudi, ziko chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, lakini tangu mwishoni mwa mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vilisamehewa vibali. Msamaha huo hauhusu rozwudi ya Brazili, iliyo kwenye orodha kali tangu 1992. Kama gitaa lako ni la zamani na fretibodi yake ni ya mbao hiyo, lisivuke mpaka bila karatasi zake.

Kwenye ndege, jaribu kwanza kuingia nalo ndani. Sheria ya Marekani inayataka mashirika ya huko yalipokee gitaa ndani kama nafasi ya juu ipo wakati unapanda, kwa hiyo panda mapema. Likilazimika kwenda chini, legeza nyuzi toni moja, jaza nguo kuzunguka kichwa na chini ya shingo mpaka kisichezecheze. Gitaa likianguka kwa mgongo, kichwa ndicho kinachoendelea kwenda na kuvunjika pale kinapoanza. Mkasi na bisibisi viende kwenye begi la chini, betri za akiba za lithiamu ziende mkononi. Piga picha za gitaa ndani ya kesi mbele ya kaunta.

Ukilipokea, fungua kesi pale pale kwenye mkanda wa mizigo, kabla ya kutoka. Likiwa limepasuka, nenda dirisha la mizigo ujaze fomu ya uharibifu na uondoke na nakala. Kisha andika barua ya madai: Mkataba wa Montreal, wa safari za ndege za kimataifa, unakupa siku 7 tangu ulipopokea mzigo ulioharibika, na siku 21 kwa uliochelewa. Ambatisha zile picha za kaunta.